Corolla ya Mjomba inapiga selfu lakini haiwaki: shajara ya mwezi Julai

Alhamisi 3 Julai

Mjomba amenipigia simu magharibi akiwa Pongwe. Alikuwa anatoka shambani Muheza, akasimama kununua mkaa, aliporudi garini likawa linapiga selfu tu. "Linazunguka vizuri, mpwa wangu, ila haliwaki." Limevutwa kwa kamba mpaka kwangu Ngamiani, Tanga, na limelala nje ya uzio.

Ni Toyota Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE ya petroli, sentimita za ujazo 1498, ya nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini) na distributa (inayogawa cheche kwa plagi). Hii ni mara ya nne tangu Aprili na mtindo wake haubadiliki. Linatembea, linazimwa, linakaa dakika kumi au ishirini, halafu linagoma. Likipoa saa nzima linawaka kama halijawahi kuumwa. Nimemuuliza Mjomba mara mbili kama limewahi kumzimikia likiwa mwendoni, akasema hata siku moja. Hilo nimeliandika na kulipigia mstari.

Pesa keshatoa. Gereji aliyolipeleka ilimbadilishia pampu ya mafuta, baadaye filta ya mafuta, baadaye plagi zote nne. Jumla laki mbili na arobaini elfu. Sababu aliyopewa ilikuwa moja: plagi zilifunguliwa zikakutwa kavu, kwa hiyo petroli haifiki. Pampu ya zamani aliomba arudishiwe, iko kwenye buti, imeviringishwa gazeti.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, magari si kazi yangu ya kila siku. Lakini mita ya kupimia umeme ninayo na kuitumia najua. Tumekubaliana na Mjomba: hakuna kununua kitu mpaka mita iseme kimekufa.

Jumamosi 5 Julai

Saa moja na nusu asubuhi nimezungusha ufunguo, likawaka kwa mpigo wa kwanza. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Ubovu haupo, na huwezi kupima kisichokuwepo. Basi asubuhi yote nimekagua yale yanayokagulika gari likiwa zima.

Betri ina volti 12.5 ikiwa imetulia, na selfu ikizungusha haishuki chini ya 10.3. Nimeanza nayo kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini na papo hapo ikainyima kontrol boksi (kompyuta ya injini) umeme wa kufanya kazi. Hii haina shida hiyo.

Kisha sikio. Mzunguko wa selfu una mapigo mazito yanayolingana, kila silinda inabana kwa zamu yake. Taimingi belti ikikatika mlio hubadilika, selfu inazunguka kwa wepesi na kwa kasi kama cherehani isiyo na nguo, maana vali hazifungi kwa wakati na hakuna mgandamizo wa kuizuia. Ili nisitegemee sikio peke yake nimefungua kofia ya distributa, Mjomba akapiga selfu, nikaiona rota (kidole cha ndani kinachogawa cheche) inazunguka. Rota inaendeshwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali), na kamshafti inavutwa na belti. Belti nimeifuta kwenye orodha.

Fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta) nzima. Waya wa ethi kati ya injini na bodi una kutu ya kijani kama ilivyo kwa kila gari linaloishi karibu na bahari, nimeusugua kwa msasa na kuukaza. Waya za plagi nimezipima moja moja: kiloohm 9, 31, 11 na 10. Kikomo cha Toyota ni 25. Ule wa pili umechoka, utabadilishwa, lakini waya mmoja hauwezi kuizuia injini nzima isiwake. Ungeifanya itetemeke kwa silinda moja basi.

Jioni nimeandaa silaha. Plagi ya akiba kwa ajili ya kuangalia cheche. Taa ndogo ya LED niliyoiunga na rizista ya kiloohm moja, miguu yake imekatwa iingie kwenye soketi ya nozeli. Kipande cha waya mfupi wa kuunganishia matundu ya kisanduku cha DIAGNOSIS. Na mpangilio wa vipimo nimeuandika kwa kalamu nene juu ya boksi la karatasi, maana gari likigoma nitakuwa na dakika chache tu kabla halijapoa na ubovu haujatoroka.

Jumatatu 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, hakuna kazi, barabara nyeupe. Tumeenda mpaka Pongwe na kurudi, nimeegesha chini ya mwembe boneti ikiwa imefungwa. Nimefanya hivyo makusudi. Gari likizimwa, feni na upepo wa barabarani vinakoma, lakini chuma cha injini bado kina joto lote. Kwa robo saa ya kwanza joto ndani ya boneti linapanda badala ya kushuka. Mambo yote aliyoyasema Mjomba yanaangukia ndani ya robo saa hiyo.

Dakika kumi na tano. Nimezungusha ufunguo. Linazunguka, haliwaki.

Nimefungua boneti nikafuata maandishi yangu. Plagi ya akiba kwenye waya wa silinda ya kwanza, imebanwa vizuri kwenye chuma cha injini, Mjomba anapiga selfu: hakuna cheche. Nimechomoa plagi ya silinda ya tatu: kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli. Hapa ndipo gereji ile iliposimama ikahukumu pampu, na ninaelewa kwa nini. Plagi kavu inashawishi.

Lakini nimeenda hatua moja mbele. Kile kisanduku cheusi ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS kina majina ya matundu upande wa chini wa kifuniko. Ukiunganisha FP na +B kwa waya, ufunguo ukiwa umewashwa, pampu inaendeshwa moja kwa moja bila kusubiri injini. Nimeunganisha. Pampu inanguruma kule nyuma ndani ya tangi na mpira wa kurudishia mafuta unatetemeka mkononi. Nimelegeza nati ya bomba la mafuta kidogo sana, kitambaa kimezungushiwa: petroli imeruka ikalowanisha kitambaa. (Injini ya moto na petroli iliyo wazi havikai pamoja salama. Kizima moto kilikuwa miguuni mwa Mjomba na sigara hakuna.) Petroli imefika mpaka mlangoni mwa nozeli, na kwa nguvu.

Kilichobaki ni kujua kama nozeli zinafunguka. Nimechomoa soketi moja ya nozeli, nimeingiza LED. Selfu inapozunguka ilitakiwa kumetameta. Haikumeta hata mara moja. Na Mjomba, bila kuulizwa, akasema, "Mbona mshale wa RPM umelala?" Gari zima likipiga selfu ule mshale wa kasi ya injini hunyanyuka kidogo, kama upana wa ukucha. Leo umelala kwenye sifuri.

Nimekaa chini kwenye kivuli na boksi langu la karatasi. Cheche hakuna. Nozeli hazipigi. Mshale wa RPM hausogei. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka ufunguo ukifunguliwa, maana yake kontrol boksi ina umeme na iko hai. Vitu vitatu havifi kwa pamoja saa ileile kila kimoja kwa ugonjwa wake. Vinakunywa kisima kimoja, nacho ni ishara ya mzunguko inayotoka ndani ya distributa. Kontrol boksi isipoambiwa kuwa injini inazunguka, haitoi amri ya cheche na haifungui nozeli. Plagi zinatoka kavu na pampu ni nzima.

Nimeunganisha TE1 na E1, nimefungua ufunguo, nikahesabu mimuliko ya taa ya injini. Mmoja, kimya kidogo, miwili. Imerudia hivyohivyo. Kodi (namba ya kosa) 12: selfu inazunguka lakini ishara ya mzunguko haifiki kwenye kontrol boksi. Kodi hii ilikuwa tayari kusomwa kwa kipande cha waya cha bure, na Mjomba alilipa laki mbili na arobaini bila mtu kuisoma. Hilo limeniuma zaidi ya ubovu wenyewe.

Mpaka nimemaliza kusoma kodi, kutafuta soketi ya distributa na kuipangusa, dakika arobaini zilishapita. Ndani ya distributa kuna vikoili viwili vidogo, pikapu koili. Havigusani na kitu, meno ya chuma yanapita mbele yao na kila jino linazaa umeme mdogo. Kimoja, G, kinaeleza injini iko wapi kwenye mpangilio wa silinda, na cha pili, NE, kinaeleza kasi. Nimepima: G ohm 221, NE ohm 428. Vyote vizuri. Nikavifuta kwenye orodha. Nimerudisha soketi, nikapiga selfu, gari likawaka.

Jumatano 9 Julai

Kwa kuwa vikoili nilivipitisha, jioni ya leo yote nimeifuata njia ya waya kutoka distributa mpaka kontrol boksi ndani ya dashibodi. Kwa muda wa saa tatu nimelala chali kwenye sakafu ya gari nikiwa na tochi mdomoni. Kila waya una chini ya nusu ohm. Nimezitikisa, nimezikunja, hakuna iliyoyumba. Pini ni safi, ganda halijachubuka popote.

Nilipokuwa naosha mikono ndipo nilipofungua tena ukurasa wa Sabasaba nikasoma saa. Vikoili nilivipima saa nane kasoro dakika tano. Gari liliwaka saa nane kamili. Nilipima kitu kilichokwisha kupona. Friji inayokata gesi ikiwa moto siwezi kuipima asubuhi baridi nikasema ni nzima, nalijua hilo kwa miaka kumi na moja, na hapa nimelifanya.

Jumamosi 12 Julai

Leo sikusubiri. Soketi ya distributa niliilegeza kabla ya safari ili itoke kwa kidole kimoja, na mita imewekwa tayari kwenye ohm. Nimebeba pia barafu mbili za mfuko, zile wanazouza watoto barazani, ndani ya chupa ya chai.

Pongwe, kurudi, chini ya mwembe, dakika kumi na tano, selfu: haliwaki. Boneti juu, soketi nje, pini za mita kwenye NE.

Mita imeandika OL. Njia imekatika. Nimehamisha pini kwenye G: 268, imepanda kwa joto kama shaba yoyote inavyopanda, iko sawa. Nimerudi NE: OL.

Nimechukua barafu, nimeikandamiza kwenye ubavu wa distributa, pini zikiwa palepale. Maji yameanza kutiririka, chuma kikapiga mvuke mdogo. Mjomba ameinama juu ya bega langu anaangalia kioo cha mita. OL. OL. Barafu ya kwanza imeisha, nimeweka ya pili. Kama dakika nne hivi zimepita, kioo kikaruka: 611, OL, 590, OL, halafu 463 ikatulia. Mjomba amepiga kofi kwenye mbawa ya gari. Nimekausha maji, nimerudisha soketi, akapiga selfu, likawaka papo hapo na injini ikiwa bado ya moto.

Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mwenye gari la zamani lenye distributa akijue. Likigoma likiwa moto, poza kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukipoza gari zima kwa kusubiri saa nzima hujajua kilichopona ni kipi.

Jumapili 13 Julai

Nimeitoa distributa. Kabla ya kulegeza boliti nimeleta pistoni ya silinda ya kwanza juu, nimekwaruza alama mbili kwa bisibisi, moja kwenye mwili wa distributa na moja kwenye kichwa cha injini, na nimepiga picha rota ilikoelekea. Oringi yake (pete ya mpira ya kuzuia oili) imekauka, imekuwa ngumu kama plastiki, ilikuwa ikivujisha oili kidogo.

Ndani nimemulika kwa tochi na kioo cha kukuzia. Koili ya NE imefunikwa kwa utomvu wa kahawia, na utomvu una ufa mwembamba unaoanzia pale waya unapotokea. Waya wenyewe ni mwembamba kama unywele. Nimeielekezea feni ya kukaushia nywele ya shangazi, mita ikiwa imeungwa: 430, 455, 480, halafu OL. Nikiondoa joto, inarudi. Ncha mbili zilizokatika zinagusana zikiwa baridi, utomvu ukitanuka zinaachana. Nimerudia mara tano na mara tano imenijibu hivyohivyo.

Kuunga waya wa namna hiyo chini ya utomvu inawezekana, lakini Mjomba anaendesha usiku peke yake na sitaki aliamini bandiko langu. Tunatafuta distributa.

Jumatano 16 Julai

Duka la spea za mtumba walikuwa nazo tatu za 5A-FE. Nimelinganisha namba kwenye kibandiko mpaka tarakimu ya mwisho, na nimehesabu pini za soketi. Zinazofanana kwa macho zipo nyingi, na soketi yenye pini tofauti haiingii.

Nimemwomba muuzaji ruhusa nizipime hapohapo kwa mita na ile feni ya nywele. Alishangaa, akaruhusu, akanipa na umeme. Ya kwanza NE haisomi hata ikiwa baridi. Ya pili inasoma, lakini shafti inacheza kushoto kulia, meno yangekuja kugusa koili. Ya tatu imenipa 417 baridi, nimeichoma dakika sita ikapanda taratibu mpaka 530 bila kuruka. Nimeilipa laki moja na ishirini. Oringi mpya elfu tatu.

Jumamosi 19 Julai

Imeingia bila shida, alama zimekutana. Taa ya taimingi nimeazima kwa jirani. Injini imepata joto, TE1 na E1 zimeunganishwa ili kontrol boksi isiongeze adivansi (kuwahisha cheche) yake yenyewe, nimezungusha mwili wa distributa mpaka alama ya puli ikasimama kwenye digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Nimekaza. Nimechomoa fyuzi ya EFI dakika moja kufuta kodi 12, nimeirudisha, nimesoma tena: taa inamulika mfululizo bila kusita, hakuna kodi.

Jirani huyo ana Nissan Sunny ya injini ya GA15 na ameniuliza kama lake ni hivihivi. Hapana. Nissan za aina hiyo husoma mzunguko kwa mwanga unaopita kwenye matundu ya sahani ndani ya distributa, kwa hiyo ohm hazitamsaidia, apime volti za ishara. Na mwenye Honda ya miaka ya 90 inayogoma ikiwa moto aanze na rilei kuu ya mafuta ndani ya dashibodi, risasi ya kuchomelea kwenye kibao chake cha saketi hupasuka.

Jumamosi 26 Julai

Tanga mpaka Muheza na kurudi, mara mbili kwa siku moja. Tumesimama Pongwe makusudi, palepale kwa muuza mkaa, boneti imefungwa, dakika kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Kila mara limewaka kabla Mjomba hajamaliza kuzungusha ufunguo. Safari ya pili buti ilikuwa na magunia mawili ya machungwa.

Kuyapakia ilibidi tuitoe ile pampu ya zamani. Usiku nimeifungua gazeti nikaigusisha kwenye betri kwa sekunde mbili tu, maana pampu hizi hupozwa na petroli yenyewe na hazipendi kukimbia kavu. Imenguruma vilevile kama mpya. Nimeipaka mafuta, nimeifunga kwenye nailoni na kuandika juu yake "nzima, 26 Julai". Mjomba ameiweka chini ya kiti chake.

Bado: waya wa plagi wa silinda ya pili, kiloohm 31. Jumamosi ijayo.